Utepe Chini ya Boneti

Gari nimelinunua Ngamiani, barabara ya kumi na tano,
kwa Bi Mwanamkasi. Vitz ya rangi ya bamia iliyochemka,
taa ya kushoto imeanza mtoto wa jicho.
Hakubishana bei. Alinipa funguo mbili
na kitambaa cha kufutia kioo, amekifua, amekipiga pasi.
Kiti cha dereva kilikuwa kimesogezwa mbele kabisa,
magoti yangu yakagonga usukani.

Jumamosi nikalipeleka Mabawa, kwa fundi Shebuge,
kumwaga oili.
Baraza likakaa bila kuitwa.

Mhando, msaidizi, akasema: tia namba arobaini, nzito,
jua la Tanga linakaanga, nyepesi itakuwa mchuzi wa msibani.
Mwenye bajaji aliyefuata pancha yake
akasema: ishirini-hamsini, hiyo ndiyo iliyotusomesha sisi.
Msellem wa duka la spea akavuka na dumu la lita nne,
kizibo kina gundi mpya, akaapa kwa mkono wa kulia;
wa kushoto ulikuwa umefunika lebo.

Mimi nimeshika vitabu vya hesabu vya shule
miaka ishirini na sita.
Risiti ya kweli haina haja ya kuapa.
Nikakumbatia mkoba wangu.

Shebuge alikuwa chini ya gari, ndara tu zinaonekana.
"Mama, soma kifuniko."
Nikafuta masizi kwa kidole. Pale pale pa kujazia oili
kimeandikwa tangu kiwandani: tano, dabliyu, thelathini.
"Injini hii matundu yake membamba.
Alfajiri ukiwasha, ndipo vyuma vinasagana.
Uji mzito utafika juu saa ngapi?"

Akalegeza nati.
Nyeusi niliitegemea; oili nyeusi imefanya kazi.
Hii ilitoka kwa kusitasita, matope ya mkoko,
na ndani ya kifuniko utando wa rangi ya maziwa.

Ndipo nikauona utepe, umebandikwa chini ya boneti,
mwandiko mwembamba wa penseli:

81,200 – Machi
84,150 – Agosti
87,200 – Januari
90,180 – Juni

Mtu wa kulipa kodi kabla hajadaiwa.
Halafu basi.

Mita ilisoma 91,086.
Mhando akacheka: mia tisa tu! Mmeimwaga ikiwa changa.
Shebuge akatoka chini, akajifuta mikono.
"Mia tisa, kwa miezi mingapi?"
Kumi na tisa.
"Basi. Safari fupi hizo. Linawashwa, kabla halijapata moto linazimwa,
jasho lake linabaki tumboni.
Gari la hivyo usilihesabie kilomita, lihesabie miezi."

Hesabu ndiyo mkate wangu, haiachi hata nikiiomba.
Barabara ya kumi na tano hadi hospitali ya Bombo,
tatu kwenda, tatu kurudi.
Mia tisa na sita gawanya kwa sita.
Mia na hamsini na moja.
Ile ya mwisho, gari lilirudi na mtu mmoja,
mfupi, magoti hayagongi usukani.

Sikumwambia mtu. Nikamtuma Mhando mjini kwa wakala,
akaja na risiti, na bei iliyonikata maini.
Lita tatu na kidogo. Filta mpya.
Shebuge akasema: elfu tano au miezi sita,
kitakachotangulia.
Nikaomba penseli.
Niliruka mstari mmoja, kisha nikaandika:
91,086 – Januari.
Tarakimu zangu nene, hazina adabu kama zake.

Siku hizi, kabla ya kwenda sokoni,
nachomoa kijiti, nakifuta kwa fulana kuukuu.
Kile kitambaa cha pasi kipo kwenye droo, sijakikunjua.
Nachovya tena. Oili ipo kati ya alama mbili,
rangi yake bado asali.
Nashusha boneti kwa viganja viwili, polepole,
jirani ana mtoto mchanga.