Dakika Kumi na Mbili

Dakika kumi na mbili.
Nimezipima kwa simu, sibahatishi.
Inanguruma vizuri, inashuka mteremko wa Nguba
kama mbuzi aliyeona chumvi,
halafu inakohoa mara mbili, inanyamaza,
na mimi nabaki na kamba mkononi,
nusu ya bustani imenyolewa,
nusu bado ina nywele za mwehu.

Ikipoa, inawaka.
Dakika kumi na mbili tena.

Madame Nsimire anaita kutoka barazani:
"Zihindula, wageni wa semina wanafika Ijumaa!"
Najua. Majani hayajui.
Mvua ya Novemba haiyapi likizo.

Fundi wa Nyawera hakuuliza ina ugonjwa gani.
Aliuliza ni ya nani.
Nikajibu: ya nyumba ya wageni. Kosa langu.
Bei ikapanda ngazi bila kupumzika.
Akachomoa buji ya zamani, akatia mpya,
akavuta kamba, ikawaka, akaizima.
"Umeona?"
Niliona. Dola kumi na tano.
Nyumbani, dakika kumi na mbili.

Kwenda Kadutu tulipanda pikipiki,
mimi na mashine tumekumbatiana kama wachumba,
watu wakicheka kila kona.
Murhula akaifungua karbureta juu ya gunia,
vidude vikalala pale kama meno ya mtoto.
"Esansi yenu ina maji," akasema,
"hawa vijana wa chupa wanazimua."
Inawezekana. Akapuliza, akafuta, akafunga.
Skrubu moja ikabaki.
"Na hii?"
"Hiyo haina kazi, papa."
Nikaitia mfukoni. Dola ishirini.
Nyumbani, dakika kumi na mbili,
safari hii na moshi.

Wa tatu sitamtaja, ana watoto.
Alisema niiache siku mbili.
Niliporudi nilikuta chujio lake la hewa
limevikwa jenereta ya kinyozi,
linafanya kazi mbele ya macho yangu bila haya.
Nikalichomoa likiwa la moto.
Kinyozi akabaki gizani, na kichwa cha mteja nusu.
Nilikielewa kile kichwa.

Usiku nikawaza: labda hawadanganyi.
Wanaiwasha sakafuni, dakika mbili,
na kwa dakika mbili kila mtu ni mzima.
Hata mimi kwa daktari nakaa kwenye kiti,
napumua sawasawa, ananiambia nenda.
Kiti hakina mlima.

Alhamisi, saa kumi na moja jioni,
ikazima katikati ya mteremko.
Ziwa liko kule chini, limekaa tu, halisaidii.
Nikafungua tangi nione kama esansi imebaki.
Kifuniko kikafanya *ffffp*,
kama mtu aliyezibwa mdomo, ameachiliwa.
Nikavuta kamba.
Ikawaka mara moja.

Nikakigeuza kile kifuniko kwenye mwanga.
Pale katikati, tundu la hewa,
dogo kuliko jicho la sisimizi,
limejaa rangi ya kijani.

Rangi ya uzio. Ya mwezi wa saba.
Nilipaka mimi mwenyewe, nikipiga mluzi,
mashine iko pembeni, sikuifunika.

Mafuta hayashuki kama hewa haiingii.
Mafundi watatu, na mimi wa nne.

Nabintu akanipa sindano,
akaniambia niirudishe, ni ya sare za shule.
Nikatoboa mara tatu.

Kumi na mbili. Kumi na tatu.
Nikaacha kutazama simu.
Nilifika ukutani giza limeingia,
na sikutaka kuizima.

Asubuhi Madame akafungua daftari:
"Nani ameiweza? Niandike ngapi?"
Dola ishirini ilikuja hadi kwenye ulimi.
Ilikaa pale kidogo.
"Andika sindano," nikasema.
Akaniangalia sana. Habari ya rangi sikumwambia.

Skrubu ya Murhula bado iko mfukoni.
Sijui ni ya wapi.
Mashine inaenda.