Chupa Tatu

Ngano niliichanganya mwenyewe jana juu ya turubai,
gunia moja, nikaigeuza, nikaigeuza tena
hata mabega yakalalamika,
ili punje ya chini isije ikasema haikuwamo.
Nikajaza chupa tatu, nikaziba kwa nta,
nikazilaza chumba kimoja na mashine usiku kucha,
maana ngano iliyotoka baridini
haisemi kweli mpaka ipate joto la mwenyeji.

Tasbulak, saa mbili asubuhi.
Nonna Arkadyevna anamimina polepole,
kidole kwenye mdomo wa chupa, pumzi kaizuia.
Kumi na nne nukta mbili.
Anaandika. Anasukuma daftari nione.
Hana la kuongeza.

Kilomita tisini za nyika,
theluji ya kwanza inavuka barabara ikiambaa chini kama moshi.

Zarechnoye. Yerkebulan anamwaga kwa pupa
kama anayelisha kuku.
Kumi na tatu nukta sita.
Tena, nasema. Nukta tisa.
Tena. Nukta tano.
Mlango wa nyuma u wazi, upepo unapekua karatasi zake.
Namkemea: mlango, mkono, haraka zako.
Anainamisha kichwa, masikio yamemwiva.
"Lakini mashine, bibie, uliirekebisha wewe, Agosti."
Sikumsikia. Yaani nilimsikia,
nikafunga mkoba.

Kyzylsai, jua limelala upande,
malori ishirini na moja kwenye foleni.
Kumi na tano kamili,
na vumbi la msimu mzima ndani ya bakuli la mashine.
Hapo mzee mmoja akanishika mkono wa koti,
Sapargali, hekta mia mbili, meno mawili ya dhahabu.
"Asubuhi Zarechnoye wamenipimia, wakasema kavu.
Foleni ikanishinda, nikaja huku.
Huku naambiwa mbichi, nilipe gharama ya kukausha.
Binti, ngano yangu imelia njiani?"
Madereva wakacheka.
Yeye hakucheka.
Nami sikuwa na jibu, nilikuwa na chupa tupu.

Usiku, maabara yangu, tanuri.
Tanuri halina haraka wala halina mjomba.
Gramu tano za unga, digrii mia moja na thelathini,
dakika arobaini.
Nikanywa chai ikapoa, nikasikiliza saa ya ukutani.
Zikatoka gramu nne na ushei. Nikapiga hesabu mara mbili:
kumi na nne nukta tatu.
Nonna, basi, na kidole chake.

Kisha ngano iliyobaki nikaitia katika mashine yangu,
mama wa mashine zote za wilaya,
ile inayonipa haki ya kukunja uso.
Kumi na tatu nukta saba.
Nikaitia tena.
Kumi na tatu nukta saba,
bila aibu, bila kuyumba,
kosa lile lile kwa utulivu ule ule.

Kumbe Yerkebulan, ukiondoa pupa na mlango,
hakukosea: alinitii.
Tangu Agosti tumelingana, mimi naye,
kama mashahidi wawili waliofundishwa na mtu mmoja,
na ngano mbichi ikaingia ghalani kwa jina la kavu,
tani juu ya tani,
ikakaa gizani ikijipasha.

Saa sita kasoro nikampigia. Alikuwa amelala.
Nikamwambia: teremsha kamba za joto, ghala la nne na la tano,
soma kila mita, usinifichie hata digrii moja.
Nikamwambia pia lile jingine.
Kimya kirefu kikapita kwenye waya.
Halafu: "Mlango nimeufunga, bibie."

Namba ya Sapargali ninayo, kwenye risiti.
Nukta saba walizomzidishia zina bei, nimeiandika.
Kesho atapigiwa, aambiwe ngano yake haikulia.

Chupa tatu nyingine ziko mezani, nta haijaganda.
Safari hii, kila kituo, nitaanza na mashine yangu,
mbele yao, wakisoma wao
na kalamu wameshika wao.
Nje theluji imeacha kuambaa, sasa inatua,
juu ya Tasbulak, juu ya Zarechnoye,
kwa kina ambacho hakuna aliyekipima.