Kigae cha Saba

Hayakubisha hodi.
Yalianzia kiunoni, asubuhi, nikiinua ndoo ya gundi
nyumbani kwa mjane mmoja mtaa wa Bonfim.
Yakateremka takoni, pajani, nyuma ya goti,
yakafika kidole gumba cha mguu wa kushoto
yakapiga kambi.

Miaka thelathini na mmoja nimepiga magoti
katika majiko na maliwato ya Porto,
nikiwatandikia watu pa kusimama.
Sasa hata soksi navalishwa na Deolinda,
naye hunivalisha akitazama dirishani
asije akaniona nikikunja uso.

Daktari Quitéria ananionyesha picha:
pingili ya nne, pingili ya tano, na kati yao
diski iliyobenuka kama saruji mbichi
inayotoka pembeni kigae kikibonyezwa kwa pupa.
Hilo nalijua. Hilo nimewakemea vijana mara ngapi!
"Imeilalia neva. Tutaifikishia dawa pale pale ilipobanwa.
Huenda ukapata miezi. Huenda wiki.
Huenda usipate kitu."
Nampenda fundi asiyeapa.

Nalala kifudifudi, uso ndani ya tundu la kitanda.
Baridi ya spiriti. Mwiba wa ganzi.
Kisha sindano ndefu nisiyoiona
inashuka, inasimama, inauliza njia kwenye skrini,
inashuka tena.
"Utahisi mgandamizo."
Mguu mzima unawaka, gumba linaitika
kama mtoto aliyeitwa kwa jina,
nami, kwa kuwa sina pengine pa kutazama,
nahesabu vigae vya sakafu.

Cha saba kutoka ukutani kimekaa mshazari.
Milimita mbili. Labda tatu.
Nani alikilaza hivi? Alikuwa na haraka ya wapi?
Au naye
mgongo ulikuwa ukimla?

"Tumemaliza, bwana Belmiro."

Siku ya kwanza, si kitu. Ya pili nilitukana.
Siku ya nne nikavaa soksi mwenyewe,
ya kulia kwanza, kisha ya kushoto kwa kunyatia,
kama mtu apitaye kando ya mbwa aliyelala.
Deolinda alisimama mlangoni,
mikono yake haijui iende wapi.

Hayajaondoka. Yameketi tu,
nayasikia yakipumua ngazi zikiwa nyingi.

Baada ya wiki sita nitarudi kwa daktari.
Nitabeba nyundo ya mpira mfukoni mwa koti
nimwombe ruhusa ya kupiga magoti,
mara moja tu,
pale chini ya kitanda chake.