Nusu ya Ungo

Fomu inauliza: kwa nini unaomba nafasi hii?
Maneno mia tano, yasizidi.
Mwisho wa kutuma ni Ijumaa, saa sita usiku,
saa za kwao.

Niko Newala, steshenari ya Nantende.
Mashine ya fotokopi inakohoa.
Mtandao unachungulia, unatoweka,
kama mtu anayedaiwa.

"Shahada ya uzamivu," wameandika,
"sayansi ya neva: kuona na kutambua."
Uzamivu! Nikacheka peke yangu.
Huku juu, ambako bibi zetu
waliteremka Kitangari kabla ya jogoo
kufuata ndoo moja,
nani alijifunza kuzamia?

Niliandika: "Tangu utotoni nimevutiwa na ubongo."
Nikafuta.
Tangu utotoni nimevutiwa na bei ya korosho.

Ukweli una jina: Somoe Chilumba,
dada wa mama, miaka kumi na tisa
kwenye meza ya madaraja kiwandani.
Nyeupe nzima huku, iliyoungua kule,
kipande, kipande, yenye doa.
Nilimuuliza, unajuaje upesi hivyo?
"Sijui mimi," akasema. "Mkono ndio unajua.
Mimi naambiwa baadaye."

Kisha kiharusi, kumi la mwisho la Ramadhani.
Ndanda wakammulika macho, wakasema mazima.
Mazima, lakini sahani yake ya ugali
ikabaki nusu, kama imekatwa kwa kisu,
naye analalamika njaa.
Kanga akajitanda bega moja.

Nikampa ungo wa korosho, apoteze mchana.
Upande wa kulia akachambua wote,
kila daraja na fungu lake, hakukosea hata punje.
Wa kushoto haukuguswa.
"Nimemaliza," akasema, akapangusa mikono.

Sikubisha. Niliuzungusha ungo.
Akatazama, akakunja uso:
"Nani kaleta nyingine?"

Hayo ndiyo niliyomweleza profesa kwenye simu,
aliponiuliza dhana yangu ni ipi.
Nilimwambia korosho ukiimenya hupasuka nusu mbili,
na kilichomo kichwani nacho kina nusu mbili,
na jicho la shangazi, nikasema,
(sikujua kwa kwao mama mdogo anaitwaje)
jicho lake linapokea kila kitu,
ila kuna anayegawa, huko ndani, nyuma ya gamba,
na huyo amesusa upande mmoja.
Mashine yenu ya sumaku na miaka minne ya posho
naitaka nikamtafute huyo.
Nikasema halo. Halo?
Sijui alisikia mpaka wapi.

Barua mbili za wadhamini, moja haijaja.
Cheti cha Kiingereza, laki sita, sina.
Maneno mia nne na themanini na nane.
Nantende anataka kufunga, anapiga piga funguo mezani.
Nimebonyeza.

Nimerudi nyumbani na giza.
Mama mdogo yuko mkekani, redio inasoma bei za mnada.
Nimekaa kushoto kwake, goti kwa goti,
harufu ya mafuta ya maganda bado iko vidoleni mwake.
"Asumini hajarudi tu?" anauliza mlango.

Sijahama.
Nataka kwanza kujua,
ninapokuwa upande huu,
huwa niko wapi.