Tone la Chini

Jumapili ya kwanza ya mwezi, pale Jericho,
baraka zikishatolewa na watu wakishamiminika
kuelekea Barabara ya Jogoo,
mama alibaki katika jiko la kanisa
na vikombe vya Meza ya Bwana.
Vya kioo, kimo cha kidole gumba.
Mia moja na kumi na viwili.
Aliviosha miaka tisa.
Hakupewa hata kimoja.

Sababu nilikuwa mimi,
niliyeketi juu ya mtungi wa maji,
soksi nyeupe, sweta ya Gikomba,
nywele zimesukwa hadi macho yanavutika:
dhambi yenyewe, inakula biskuti.

Kitabu cha kanisa kilisema: Rael Mwikali,
ametengwa na Meza hadi itakapoamuliwa.
Aliyeandika ni Mzee Elkana, wino wa samawati,
mwandiko mzuri kama wa kadi ya harusi.
Jina la mwanamume halikuulizwa.
Yeye alikaa safu ya tatu, karibu na dirisha.
Alikuwa akiivuta suruali kidogo magotini kabla ya kuketi,
isije ikakunjika,
na sinia ilipomfikia, alifumba macho.
Nina paji lake la uso. Kanisa zima lililiona paji hilo,
likaendelea na ubeti wa nne.

Hayo niliyajua baadaye. Siku ninayoisema
nilijua tu kwamba maji yalikuwa ya mgao,
kwamba Julai ilikuwa imeingia hadi kwenye sakafu,
na kwamba mama hakuwa anaosha.
Alikuwa ametoa bakuli, lile letu la uji, lenye ufa,
akiinamisha juu yake kikombe kimoja kimoja,
akingoja.

Maana kila kikombe hubakiza tone.
Anywaye kwa haraka hubakiza.
Anywaye kwa hofu hubakiza.
Anywaye huku akiwaza bei ya unga
huacha hata mawili.
Tone la Mzee Elkana.
Tone la wale kina mama waliohama benchi alipoketi.
Tone la safu ya tatu, karibu na dirisha.
Hakuchagua. Na yote pamoja
hayakujaza kijiko cha chai.

Akainua bakuli kwa mikono miwili.
Akanywa Ribena na mate ya kanisa zima,
kisha akaniinamishia nilambe kwa kidole.
"Ni ya nani?" nikauliza.
"Yetu."

Nilipofika kidato cha tatu, nikiwa na hasira za kidato cha tatu,
nilimwuliza kwa nini hakwenda kwingine.
Nairobi hii, mama! Kanisa kila ghorofa,
hema kila uwanja, spika kila nguzo ya stima.
Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.
"Notisi," alisema, "huletwa na mwenye nyumba.
Hao ni wapangaji wenzangu.
Na kodi ya humu ililipwa kitambo,
yangu na yao."
Akatupa kijiwe dirishani.

Mwaka wa kumi walimrudisha.
Hapakuwa na sherehe. Mzee Elkana,
mkono umeshaanza kutetemeka,
alipiga mstari juu ya mstari wake mwenyewe,
na sinia ikapita, na safari hii ikasimama.
Nilimtazama. Nilidhani atalia.
Alikunywa polepole, kama mtu anayeonja mchuzi
ambao ameupika mwenyewe,
bila haraka, bila hofu.
Halafu akakishusha kikombe kabla hakijaisha.

Tone. Kubwa. Nililiona liking'aa chini.

Nikageuka kufuata macho yake hadi mlango wa jiko.
Msichana mmoja wa kwaya, ambaye siku hizo hakuimba,
alikuwa amesimama pale na beseni,
akikunja mikono ya sweta
iliyoanza kumbana tumboni.