Siku ya Themanini na Saba

Kanuni niliiandika mimi.
Ghorofa ya tatu, mjini Tartu, mto umeganda chini ya dirisha:
*atakayekutwa na virusi
kabla ya siku tisini tangu kipimo chake cha kwanza
ahesabiwe ugonjwa uleule.*
Mkurugenzi alitaka sitini.
Triinu wa maabara alitaka mia na ishirini.
Tukakutana katikati, kama watu mnadani,
tukanywa kahawa.

Januari akapiga simu Salme Kuusik,
mwokaji wa mkate mweusi, sauti imekwaruza.
"Pua yangu ndiyo saa yangu," akasema.
"Miaka thelathini na minane sijatazama ukutani;
mkate ukiiva huniita.
Tarehe tisa Oktoba ukanyamaza.
Krismasi ukaanza kuniita tena,
kwa mbali, kama mtu aliye chumba cha pili.
Tarehe nne mwezi huu, kimya.
Matanuri mawili yameungua mbele yangu
nami nimesimama najipangusa unga.
Niandikie mara mbili."

Nikahesabu. Nikarudia kwa vidole, kama mtoto.
Themanini na saba.
Daftari likasema: mara moja.

Na Heldur Raudsepp, dereva wa treni mstaafu,
aliugua Oktoba hiyohiyo, siku tatu baada yake, akapona, akasahau.
Siku ya tisini na moja akaenda kung'olewa jino,
wakampima mlangoni. Amekutwa navyo.
Hakohoi. Hana homa. Anakula kabichi na nyama.
Huenda ni vipande tu, anasema Triinu,
maganda ya virusi vilivyokufa zamani,
mashine haijui kutofautisha maiti na aliye hai.
Daftari likasema: mara mbili.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Hiyo nayo ni kanuni ya kuhesabu.
Lakini haisemi kitu juu ya mgeni
aliyeaga, akatoka kwa mlango wa mbele,
akalala kibandani nyuma ya nyumba,
kisha akabisha hodi upya, viatu vikavu.
Amerudi huyo? Au hakuondoka?

Ipo njia ya kujua. Unachukua sampuli ya kwanza na ya pili,
unasoma herufi zao moja moja, elfu thelathini karibu,
unatafuta palipobadilika.
Nikashuka kwenye friza na Triinu.
Akapekua trei, barafu ikimdondokea mikononi.
Sampuli za Oktoba zilitupwa Novemba
ili za Novemba zipate pa kulala.
Akafunga mlango kwa goti.
"Basi," akasema, "hatuna wa kumfananisha naye."

Nikampigia Salme. Nilikuwa nimejiandalia maneno:
mpaka lazima uwekwe mahali, mama,
popote utakapouweka utapita katikati ya mtu.
Sikuyasema. Nikasema, "Bado siku tatu."
Akacheka mpaka akakohoa.
"Ningejua ningejizuia."

Ijumaa taarifa ilitoka.
Walioambukizwa tena: sehemu ndogo ya mia, nukta na tarakimu mbili
ambazo nilizikagua mara nne, na ziko sawa.
Chini yake, kwa maandishi madogo, tukaeleza tisini ni nini.
Hatukueleza waliougulia vitandani bila kupimwa,
wale ambao mara yao ya pili
imeandikwa kwetu kama ya kwanza.

Mimi mwenyewe nimo humo.
Machi ile, kabla vipimo havijafika mtaani kwetu,
nililala siku kumi na moja, dada yangu akiacha supu kizingitini.
Kwenye daftari nina sifuri.

Jana umeletwa mkate mapokezi, umefungwa kwa gazeti.
Chini umeungua, ubavuni haujaiva.
Nimeukata vipande, nikaupeleka maabara.
Triinu ameunusa kwanza, muda mrefu,
kisha akanipa mimi.
"Unasikia?" akauliza.
Nikainamisha uso.

Nadhani ndiyo.