Upande Huu Juu

Usiku wa kuamkia Jumamosi, Punta Arenas,
upepo unatafuta mtu wa kugombana naye.
Ni Juni. Jua litachomoza karibu saa nne asubuhi,
na haya za mchelewaji,
na kabla ya hapo mimi, Nibaldo,
mpasua samaki wa zamu ya pili,
niwe nimeshajenga kasri.

Maboksi kumi na manne nimeyatoa kiwandani,
mawili mawili, kwapani,
huku nimeshika zile kamba za barabarani
tunazofungiwa sisi waenda kwa miguu
tusije tukapeperuka kama risiti.
Msimamizi aliniuliza, "Unahama?"
Nikamwambia, "Binti yangu anatawazwa."

Dukani kasri lipo, la plastiki,
linajipuliza lenyewe kwa mashine.
Bei yake ni gesi ya wiki mbili.
Tuliliangalia, tukaliaga.

Oriana amelowesha vichujio vya kahawa
katika maji ya bitiruti.
Vinatoka waridi, hapa imekolea, pale imepauka,
kama mashavu ya mtu aliyeingia sasa hivi kutoka kwenye theluji.
Anavibana kiunoni kwa uzi, anavichambua:
ua, ua, ua jingine,
anavianika juu ya jiko,
na chumba kinanuka udongo, sukari na samaki.
Samaki ni mimi. Samaki ni kasri.

Mkono wangu unajua kisu:
tumboni hadi shingoni, sekunde nne,
utumbo huku, mnofu kule.
Haujui dirisha.
La kwanza limetoka kama jeraha,
la pili kama jeraha lililopona vibaya.
La tano, Oriana akasema,
"Hilo mtu anaweza kuchungulia."

Gundi ni unga wa ngano na maji moto.
Taji ni mifuniko ya mtindi
na karatasi za chokoleti tulizozila
kwa ajili ya taji tu, tunaapa.
Pazia la kiti cha enzi ni shimizi la mama mkwe,
doña Ercira, aliyelileta mwenyewe akisema,
"Limenisitiri miaka arobaini. Basi limsitiri na huyu."

Saa tisa usiku rangi ikatuishia.
Nje kasri lilikuwa waridi,
ndani lilibaki boksi.
Mnara wa tatu uliegemea jokofu
kama mlevi anayetaka kusema ukweli.
Tukalala na nguo zetu.

Millaray aliamka kungali giza,
soksi moja ya bluu, moja ya baba yake.
Hakusema zuri, hakusema baya.
Alizunguka. Akanusa.
"Linanuka baba," akasema,
na mpaka leo sijui kama ilikuwa lawama.

Akaingia. Kimya.
Nikamtazama Oriana, Oriana akatazama sakafu.
Kisha sauti ikatoka kule ndani,
herufi kwa herufi, kama alivyofundishwa tangu Machi:
"Gan-di-sha."
Kimya tena.
"U-pan-de. Hu-u. Ju-u."
Kichwa kikachomoza dirisha la tano, taji limepinda:
"Baba! Kasri lina sheria!"

Saa kumi wageni walifika na makoti mazito kama magodoro.
Hakuna aliyepita mlangoni
bila kuinua kidevu na mikono yote miwili.
Eliecer aliinua. Nevenka, anayelia kila sherehe,
aliinua, akasahau kulia.
Doña Ercira aliinua, na nyonga yake mbovu,
akabaki hivyo muda mrefu kuliko alivyoamriwa,
akilitazama shimizi lake.

Mnara wa tatu ulianguka wakati wa keki.
Binti mfalme alitangaza kwamba umelala.

Jumatatu, kwenye mkanda wa kiwanda,
boksi jipya likanijia, tupu, safi,
na mshale wake mweusi.
Nikaliinamia kidogo, sijui kwa nini,
kisha nikaikumbuka sheria,
nikainua kichwa.